Mama Ruhusa

Kule mtaani Shari, wanawake walimpachika Monique jina la Mama Ruhusa. Hata picha ya mtoto hakuipiga kabla ya kuuliza: wenyewe wamekubali? Ni ya kazi gani? Nani ataiona? Aliongoza kikundi kidogo cha akina mama wanaowapokea wanawake waliokimbia makwao, na semina moja ya sheria ya data ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Jina lako, sura yako, avenue unayolala, vyote ni mali yako," aliwaambia wageni. "Siye tunaoamua vikusanywe kwa kazi gani, sheria inatuita responsable. Vikivuja, mukuje kunishika mimi. Fabrice anayechapa kadi zenu za picha ni sous-traitant: anafanya tulichomutuma, basi."

"Na mimi, niko nani ndani ya sheria yako?" Clémence, mmoja wa wageni hao, alimtania siku alipoandikishwa.

"Weye ndiye mwenyewe. Bila ndiyo yako hatuendi popote."

Clémence alicheka, kisha akanong'ona. Kwa kadi, ndiyo. Zaidi ya hapo, hapana. Mongbwalu, alikokimbia, kulikuwa na mumewe aliyeapa kummaliza, mnunuzi wa dhahabu mwenye marafiki kila njia.

Wiki chache baadaye, Monique akiwa sokoni, alifungua simu akakuta sura ya Clémence ikimtazama kutoka kundi la WhatsApp la watu wa Djugu, eneo la Mongbwalu. Chini yake, kwa jina la Fabrice: "Dada yetu iko Shari, kwa mama Monique. Wenye kumujua, mukuje." Fungu la majani ya sombe lilimponyoka mkononi.

Alimkuta Fabrice dukani, meno nje.

"Mama Monique, uliona? Nimekusaidia!"

"Nani alikutuma?"

"Kutumwa tena? Mutu akipotea, si tunatangaza kanisani misa ikiisha? Bandugu banakuja mbio."

"Hakupotea, Fabrice. Amejificha."

Kicheko kikakauka. Aliifuta picha palepale. "Imeisha, mama. Usimuambie Clémence. Utamutia woga bure."

Njiani maneno hayo yalimvuta. Pengine hakuna aliyeona. Akisema, kikundi chake kitaitwa kikapu kinachovuja, na nani atakubali tena kuandikishwa? Lakini kila pikipiki iliyopunguza mwendo nyuma yake ilimfanya ageuke. Ikiwa yeye anaogopa hivi, je, mwenye sura, anayeanika nguo uani bila habari?

Alimkuta Clémence anaanika kweli. Akamwambia yote.

"Fabrice ndiye aliiweka, lakini niliyekuahidi ni mimi. Kosa ni letu."

Clémence aliziondoa nguo kwenye kamba zingali mbichi, akazifunga ndani ya kitenge.

"Na ile picha ya kadi, iko wapi?"

"Ndani ya kompyuta yetu na ya Fabrice."

"Futa."

Monique alifuta mbele yake, akampigia Fabrice naye afute.

"Ninaenda," Clémence alisema. "Usiniulize wapi."

"Siulizi."

Jioni simu ililia. Sauti ya mwanamume, ya upole mno, ilimsalimu, ikaulizia habari za watoto.

"Mama, muke wangu iko wapi?"

Monique aliketi kizingitini.

"Sijui," alisema, na kweli hakujua.

"Haina shida," sauti ikasema. "Nitakuja tuzungumuze."

Nje, pikipiki ilipunguza mwendo, ikasimama.