Dumu la Ukweni kwa Kapteni

Mimi wa Keza niliishia darasa la nne, lakini kwenye meli yetu ya mizigo hakuna baharia anayeniweza, kwa kazi wala kwa utundu. Juzi kapteni alipakia dumu la pombe ya ndizi la kupeleka kwetu Keza akaombe mchumba, akanichagua mimi niwe mshenga wake. Pombe ikiwa mbaya, mposaji hapewi binti.

Njiani nikalinyonya kwa mrija hadi nusu, nikalijaza maji ya ziwa kwa ndoo. Nani angejua?

Ukweni nikasimama kifua mbele, nikaisifu pombe mpaka kapteni akatabasamu. Baba wa binti akavuta mrija, ukagoma. Akavuta kwa nguvu, akatema dagaa kiganjani.

“Mshenga,” akaniuliza, “hizi ndizi mmezivua wapi?”