Maua Kwenye Ukuta Uliopinda

Jirani akipaka chokaa, harufu yake mbichi inanirudisha Annexe, mtaa wa pembezoni mwa mji. Tulihamia huko kampuni ya mgodi ilipoanguka na nyumba yetu ya kambi ya wafanyakazi ikachukuliwa. Papa alijenga mwenyewe kwa matofali ya udongo. Ukuta wa sebule ulipinda kukizunguka kichuguu, maana nguvu za kukibomoa hakuwa nazo.

Mama alitaka maua kama ya kambini. Papa akatoboa umbo la ua kwenye filamu ngumu nyeusi. Mimi niliishikilia ukutani, yeye akagongagonga sponji yenye chokaa na buluu ya kufulia. Kila baada ya ua moja alipumzika, akakohoa.

“Papa, hapa kwenye kupinda, maua itapita namna gani?”

“Ikunje nayo, mama,” akaniambia mimi bintiye. “Itakubali.”

Nilipoiinua dirishani kuifuta rangi, nikaona mbavu za mtu: ilikuwa picha ya eksirei.

“Iko ya nani?”

“Iko yangu. Hospitali ya kampuni balifunga. Nani ataiangalia tena?”

Papa alikuwa amelikata ua katikati ya duara alilochora daktari kwenye pafu. Nikairudisha ukutani, nikaikunja polepole, nisije nikamuumiza.