Ngazi ya Tatu Haikanyagwi

Baba yangu ni mwashi, na mafundi wenzake humwita Timazi, yaani ule uzi wenye kitonge cha chuma unaoning'inizwa kujua kama ukuta umesimama wima. Jina hilo halikutokana na kuta tu. Neno likishakuwa kweli kwake halipindi, hata kama kulipinda kidogo kungetuokoa sote. Watu husema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mama alikuwa akiongeza kwamba basi Mungu mwenyewe akae naye.

Mwanangu alipopata nafasi katika shule ya wavulana ya mjini, ya binafsi, ya kutwa, nilifurahi mpaka nikajisahau. Ni shule ya mila. Wavulana huvua kofia wakipita chini ya picha ya Mwasisi. Mwanafunzi mgeni humwita wa darasa la juu "kaka", hata kama ni jirani yake waliyegombania naye mpira jana. Na ngazi ya tatu ya mlango mkuu haikanyagwi, inarukwa. Nimemwona kwa macho yangu mwalimu wa hesabu, mtu mnene mwenye heshima zake, akikusanya suruali na kuruka kama anavuka mfereji. Ngazi nyingine zimelika katikati, lakini ile kingo zake bado kali kama imejengwa juzi. Wanasema Mwasisi alikata roho akiwa ameketi pale, anasahihisha madaftari.

Mwanangu alipomsimulia babu yake hayo, mzee aliacha kutafuna. Ngazi ile aliijenga yeye, enzi za ujana wake, baada ya ile ya zamani kuvunjika. Alikuwa ndio kwanza amemaliza kulainisha saruji, Mwasisi akatoka ofisini huku anasoma karatasi, akazamisha kiatu kizima. Baba alimfokea bila kujua ni nani. Mwasisi, badala ya kukasirika, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawageukia wanafunzi na kuwaambia kuwa kuanzia leo hapo hapakanyagwi. Hakusema mpaka lini. Wiki ileile akaugua, akafia kitandani kwake kama watu wengine, na hakuna aliyethubutu kutengua neno lake.

"Kwa hiyo babu, naweza kuikanyaga?" mwanangu akauliza.

"Ngazi ni ya kukanyagwa," baba akajibu, akaendelea kula.

Kesho yake mtoto akaikanyaga kwa miguu miwili, mbele ya wenzake wote. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Waliacha tu kumsemesha, ndiyo mila yenyewe. Akiketi, wenzake wanahama benchi. Mpira ukimfikia, mchezo unasimama. Huyu ni mtoto tuliyemwita Redio nyumbani kwa kelele zake, na sasa akirudi anavua viatu na kuingia chumbani bila neno. Nilitaka kwenda kumpasua mtu. Mwalimu mkuu, kwa upole wa kuudhi, akanieleza kuwa dawa ipo: mzee wa familia aje wakati wa kusanyiko la asubuhi, amshike mtoto mkono, waruke pamoja na kusema, "Tumekosa." Basi, yamekwisha.

Baba aliniuliza tumekosa nini. Nilijua yuko sahihi. Halafu nikawaza, lakini si kweli Mwasisi alikataza? Na si kweli kwamba hajatengua mpaka leo? Basi wale watoto nao kosa lao lipi? Kila nikidhani nimeshika upande, unaniteleza. Mwishowe nilimwambia nimechoka kufikiri, aje tu, mtoto anaangamia. Akanyoa ndevu, akavaa koti.

Wavulana walijipanga pande mbili za mlango. Baba na mjukuu wake walipanda ngazi ya kwanza, wakapanda ya pili, mzee akasimama. Akainama taratibu huku ameshika goti, akaigonga ile ya tatu kwa kifundo cha kidole, kama anavyoigonga kazi yoyote kabla ya kuikabidhi. Akalaza kiganja juu yake. Kisha akanyooka.

"Imekauka," akawaambia. "Aliyewakataza alitaka ikauke. Imekauka zamani, wanangu. Piteni."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesogea. Mwalimu wa hesabu alimtazama mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akautazama mlango. Mimi na mdomo wangu wote huu sikujua nipige makofi au nifiche uso. Baba akapanda, akasimama juu ya ngazi ya tatu, akamvuta mjukuu wake amfuate.

Mtoto aliwatazama wenzake upande huu, akawatazama upande ule. Kisha akauchomoa mkono wake polepole kutoka kwenye mkono wa babu yake, akaruka.

"Tumekosa," akasema, kwa ajili yao wawili.

Wavulana walimrukia kwa shangwe, wakambeba kuingia ndani. Baba akabaki peke yake juu ya kazi yake. Nilimfuata mpaka ngazi ya pili, miguu ikagoma hapo.

"Mama," akaniita, kama alivyozoea kumwita binti yake, "kwani nimesema uongo?"

"Hapana, baba," nikamwambia, nikampa mkono ashuke. Ndani walikuwa wameanza kuimba, na sauti ya mwanangu ilizishinda zote, na sikujua nishukuru au nilie.