Kisu Changu Kilirudi Kisafi

Mama aliyekuwa akisimamia jiko la kila msiba na kila harusi mtaani kwetu, hapa Tabora, amefariki, na Alhamisi tumemzika kwao Kwihara. Naandika haya nikiwa na uchungu, wasomaji wangu, na sehemu kubwa ya uchungu huo ni aibu.

Nilipohamia mtaa huu sikumjua mtu zaidi ya jirani wa ukuta mmoja, na huyo tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya maji machafu yaliyotoka uani kwangu. Ukatokea msiba. Nikapika wali nyumbani, nikaujaza kwenye hotipoti mpya, nikaupeleka kwa majivuno. Mama alikuwa kwenye mafiga, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama. Nimewaletea chakula."

"Marahaba. Mwanangu, hapa hatuletewi chakula kama wagonjwa. Karudishe hicho, uje na kisu chako."

Nilirudi na kisu. Akanikalisha na yuleyule jirani wa maji machafu, akatuwekea beseni la vitunguu na ubao mmoja wa kukatia. Najua alikuwa na mbao nyingine, maana nilikuja kuziosha mwenyewe baadaye. Ubao ukiwa mmoja, lazima uulize kama mwenzako amemaliza. Kufika adhuhuri tulikuwa tumeshasemeshana, na leo nikisafiri yeye ndiye anayebaki na funguo za nyumba yangu.

Miaka ikapita, nikamwoza binti yangu. Nilikodi wapishi wenye kofia nyeupe. Nilijiambia namwonea mama huruma kwa magoti yake, lakini huo ulikuwa uongo. Nilitaka wageni wa kutoka Dar waone mambo. Alfajiri akaja, kisu amekiviringisha kwenye kanga.

"Jiko liko wapi?"

"Leo pumzika, mama. Wewe ni mgeni wetu, kazi yako kula tu."

"Mgeni? Nimekuwa mgeni lini hapa?"

Alikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka alasiri, akaondoka bila kuonja kitu. Wenzangu wakaona mambo yangu yamependeza, wakaiga. Haikuchukua muda, hakuna aliyewasha tena mafiga mtaani. Zamani haikupita wiki bila mtu kumgongea mlango kuazima sufuria, na anayeazima sufuria hukaa, hunywa chai, huona kama mwenye nyumba anaumwa. Sufuria zikakosa mwazimaji, na mama akakosa mgeni. Alikutwa kitandani siku ya pili baada ya kufa. Tunaishi hatua chache kutoka mlangoni kwake, na hakuna aliyejua.

Alhamisi, kabla ya safari ya Kwihara, nilikwenda msibani nyumbani kwake na kisu changu. Hapakuwa na moto. Chakula kilikuja na gari, kila mtu na kiboksi chake, tukala tumeinamia simu. Pembeni yangu walikaa wanawake wawili wa mtaa wetu ambao siwajui hata majina. Sufuria zake kubwa zilikuwa zimefunikwa uani, na nilipoinua kifuniko cha moja nikakuta buibui.

Aliyenipa majirani ni yeye, na mimi ndiye niliyemnyang'anya wake. Kama mtaani kwenu bado yuko mama wa namna hiyo, nenda leo ukamgongee mlango, ukaazime sufuria, hata kama huna cha kupika.