Koti la Mabaka Nililolikalia

Nauza mitumba sokoni Singida tangu nilipokuwa na suruali moja. Shule niliishia darasa la tatu. Nyumba yangu ya Unyambwa imejengwa na kafa ulaya, yaani hiyohiyo mitumba, tofali kwa tofali, kwa hiyo mtu asinifundishe nguo.

Kwenye mabelo ya midoli huwa nakuta vijiaskari vya bati, urefu wa kidole. Nimevikusanya miaka mingi, vimejaa kabati. Vya zamani vimepakwa nyekundu na bluu. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alinieleza kwamba askari wa zamani alivaa rangi kali ili mkubwa wake amwone kwenye moshi wa baruti. Bunduki zilipoanza kufika mbali, wakavaa rangi ya vumbi. Ndege zilipoanza kuwachungulia, wakajichora majani na mabaka. Mimi nikamwambia, mwalimu, basi mabaka yameletwa na woga. Mtu mzima hatamani kufanana na kichaka hivihivi.

Woga wenyewe niliujua siku nilipofungua belo la makoti. Katikati lilikuwemo koti la vita, zito, mabaka ya kahawia na kijani, sawasawa na kijiaskari changu kimoja. Kwetu raia havai wala hauzi nguo inayofanana na ya jeshi. Sisi wa mitumba desturi yetu ni moja: ukiliona baka, unachoma kabla hujanywa chai.

"Mzee, kachome," alisema mama wa kibanda cha pili, niliyeanza naye biashara. "Au umeajiriwa jeshini uzeeni?"

"Nalipeleka nyumbani mara moja nilifananishe na kijiaskari changu, kisha nachoma."

"Utafananisha ukiwa ndani."

Sikumsikiliza. Nikalikunja, nikaliweka juu ya belo, nikalikalia. Nani atamwinua mzee?

Haikufika saa nne akaja mwanajeshi, kombati yake imepigwa pasi, na mkewe mjamzito.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Sauti ilitoka kama ya mbuzi.

Mke akanyoosha kidole kwenye belo. "Hapo ulipokaa naona makoti. Tunaomba utupishe tuchague."

"Haya yameshauzwa."

"Yote?"

"Yote."

Mkono wa koti ulikuwa umeanza kuchomoza pembeni ya paja langu. Niliuona mimi, nikaufunika kwa kiganja. Jasho likanitoka mpaka kwenye kope. Nilimwona mke wangu akiniletea uji mahabusu, na watu wa Unyambwa wakisema yule mwenye nyumba ya bati jekundu kumbe ni jambazi.

"Mzee unaumwa?" Mwanajeshi aliinama, akanishika kwapa. "Simama kidogo, nikupeleke kivulini."

Ana nguvu yule kijana. Makalio yakaanza kuachana na koti. Hapo nikajikojolea. Naliandika hivyo hivyo lilivyokuwa.

"Mwache!" Yule mama alikuja mbio. "Huyo ana mgongo, ukimwinua unamvunja. Na nyie mnataka makoti ya nini na joto hili? Shemeji, njoo kwangu, nina nguo za kichanga, laini, hazijashikwa na mtu."

Yule mke akacheka, akamfuata. Mwanajeshi alibaki ananitazama. Alitazama kiganja changu, akatazama maji yaliyokuwa yanachuruzika kwenye belo. Sijui aliona nini. Mpaka leo sijui.

"Pole, mzee," akasema, akaondoka.

Walipotokomea, yule mama alirudi na mkasi wake wa kukatia kamba za belo. Sikubisha. Alilichanachana koti vipande, tukavipeleka kwenye mafiga ya mama lishe nyuma ya soko, tukavisukumiza chini ya sufuria ya maharage. Vilinuka vibaya. Kila buti lilipopita, nilisogeza kuni mbele.

"Bado kola," nikamwambia.

"Imeshaungua. Kaa mbali na huo moto, nenda kabadili suruali. Chukua kwangu, na usichague."