Albamu Tuliyoiita Korona

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine ya kuchakata mkonge. Hapa Korogwe mashine hiyo tunaiita korona, na iliitwa hivyo tangu enzi za babu, aliyekuja kutoka Kigoma kama manamba, kibarua wa mkataba shambani, miaka mingi kabla dunia haijausikia ugonjwa wenye jina hilo. Kelele zake zilimharibu baba masikio. Ukitaka kuongea naye unakaa upande wake wa kulia na kupaza sauti.

Bendi yetu ni ya watu watatu. Mimi nafundisha hisabati sekondari, na biti natengeneza mwenyewe kwenye kompyuta. Mwalimu mwenzangu, mwanaume wa Vugiri aliyejifunza muziki kanisani, anapiga kinanda. Mwimbaji wetu ni dada muuza vitenge, Mzigua wa Kwaluguru, mwenye sauti ambayo ikipanda pale sokoni mafundi cherehani wanaacha kushona. Hatuna kampuni wala meneja. Studio ni stoo ya nyumbani kwangu, kuta zimefunikwa magodoro.

Tuliomba ruhusa kwa msimamizi wa shamba moja la mkonge, tukaingia na kinasa sauti kwenye korona. Tulirekodi majani yakipelekwa kwenye mkanda, visu vikikwangua, maji yakimwagika. Nyumbani nikavikata vile vipande na kuvipanga mpaka vikawa mapigo. Mwenzangu akaweka kinanda juu yake, dada akaimba, mstari huu Kizigua, ule Kiswahili. Zikatimia nyimbo nane, na albamu tukaiita Korona.

Msikilizaji wa kwanza alikuwa baba. Nilimvalisha hedifoni, sauti mwisho kabisa. Alisikiliza amefumba macho. Wimbo wa tatu ulipoanza, akazivua.

"Mama, huu mmeuharibu." Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

"Tumeharibu nini, baba?"

"Mashine inazunguka tupu, haina majani. Korona ikishiba inanguruma kwa chini. Hii inapiga mluzi tu. Mlirekodi watu wamekwenda chai, siyo?"

Ilikuwa kweli.

Mwenzangu wa Vugiri alikasirika nilipomweleza. Wimbo ule aliupenda kuliko yote. "Nani mwingine atajua?" aliuliza.

Dada wa Kwaluguru ndiye aliyemaliza ubishi. "Kama mzee asiyesikia amesikia, wenye masikio mazima je?"

Jumamosi iliyofuata tulirudi shambani, safari hii na baba. Alisimama kando ya mashine, kiganja kwenye chuma, mkono mwingine umenizuia nisibonyeze. "Subiri. Subiri. Haya, sasa!" Mngurumo ule ndio unaofungua wimbo wa tatu hadi leo, na nilipousikia kwenye spika za stoo nilijua tulikuwa tumekaribia kuachia kazi mbovu.

Tuliipeleka albamu kwenye redio moja ya mkoani. Mtangazaji alisoma jina la albamu, akacheka. "Ndugu zangu, watu wameshauchoka ugonjwa huu." Tukamweleza habari za mashine. Akasikiliza nusu dakika, akasema muziki wenyewe hauchezeki. Tuliondoka bila hata kunywa maji tuliyokaribishwa.

Hatukukata tamaa. Tulikodi ukumbi Handeni, Jumapili mchana, tukatangaza kwa kipaza sauti sokoni. Tulitegemea vijana. Tulipofungua mlango, viti vya mbele vilijaa wazee na akina bibi. Baba alikuwa amewapigia simu wote aliowahi kufanya nao kazi shambani, na wengine walikuwa wamepanda magari tangu alfajiri.

Nyimbo mbili za kwanza walisikiliza kimya, mikono mapajani. Wimbo wa tatu ukaingia na ule mngurumo, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akasimama. "Jamani, si korona hiyo!" Akaanza kurusha mikono, kushoto kulia, jinsi alivyokuwa akilisha majani kwenye mkanda ujana wake. Wa pembeni yake akainuka, kisha mwingine, mpaka mstari mzima ukawa unalisha mashine isiyoonekana, wote kwa mpigo mmoja. Vijana waliosimama nyuma wakaiga. Ukumbi wote ukarusha mikono. Mwenzangu alipiga kinanda machozi yakimtoka bila kuyafuta. Wimbo ulipoisha walitulazimisha kuurudia mara tatu.

Vijana walikuwa wamerekodi kwa simu. Wiki haikuisha kabla video ile haijafika Tanga, Morogoro na Dar, na watu wakaanza kutuomba albamu nzima. Mtangazaji yule naye akapiga, akitaka twende studio kwake upesi. Niliweka simu sauti kubwa ili wenzangu wasikie. Dada wa Kwaluguru akainamia simu na kusema, "Kaka, ule ugonjwa umekufikia na wewe? Basi tunakuja."

Tulikwenda, na akapiga nyimbo zote nane mfululizo.

Mwezi uliofuata tukaalikwa kupiga Kwedizinga. Tulipokaribia uwanja wa shule tukakuta wasichana, sare zao bado mwilini, wamejipanga mistari miwili na kurusha mikono, kushoto kulia, mmoja akiimba kwa sauti maneno ya dada. Hawakutujua. Dada alimwambia dereva asimamishe gari. Akashuka, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akaingia katikati ya mistari na kuupokea wimbo palepale ulipofika.