Makubazi Yaliyonipeleka Polisi

Nichekeni, ila msimwambie mke wangu. Juzi nilitoka Ruangwa kwenda Nachingwea kununua makubazi. Duka lina kapeti, nikavua kandambili mlangoni. Nikiwa najaribu makubazi, adhana ikalia, nikatoka mbio kuwahi swala. Msikitini nikayavua, nikayavaa tena, wala sikushtuka.

Nje nikamkuta mwenye duka. “Mzee, umeniibia!”

Mimi mwizi? Nikamkokota mwenyewe hadi polisi. “Afande, andika! Huyu kanichafulia jina, namshtaki, anilipe fidia!”

Mwenye duka akaweka mezani kandambili zangu, moja bluu, moja nyekundu. Nikatazama miguuni. Kikaratasi cha bei kilikuwa kinaning’inia.

Afande akashika kalamu. “Haya baba, nimwandike nani?”